Jinsi ya kuandika swali la kumpa mbunge aulize bungeni: kurasa nne za Babu na printa yangu

Nina steshenari ndogo hapa Moshi mjini, hatua chache kutoka stendi. Mashine ya kopi moja, kompyuta mbili, na printa yenye hasira zake. Watu hudhani kazi yangu ni kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, lakini kila wabunge wanaporudi jimboni meza yangu hujaa barua za kumwomba mheshimiwa "atusemee". Nimezichapa nyingi mno, na nyingi ziliishia kwenye droo. Chache ziligeuka swali, likapewa namba, likaulizwa Dodoma asubuhi na Serikali ikasimama kulijibu. Kwa miaka nimekuwa nikizitazama hizo chache, zilikuwa na nini ambacho nyingine hazikuwa nacho.

Nianze na Babu.

Alishuka na gari la abiria la Noah la kwanza kutoka migombani, kijiji sikitaji, akiwa na kurasa nne za daftari zilizoandikwa mbele na nyuma kwa kalamu nyekundu. Nyekundu kwa sababu ndiyo aliyoikuta kwenye begi la mjukuu. Barua ilianzia enzi za wamangi, machifu wetu wa Kichaga, ikapita kwenye bei ya kahawa, ikawalilia vijana wanaokimbilia Dar es Salaam, na katikati ya ukurasa wa tatu ndipo nikakutana na zahanati.

"Shikamoo Babu. Hapa hasa unataka mbunge afanye nini?"

"Marahaba mwanangu. Si nimeandika?"

"Niambie kwa mdomo, nisikie."

Akavuta pumzi. "Boma la zahanati. Tumelijenga wenyewe mpaka lenta. Mwaka wa tisa huu, mbuzi wanalala humo."

Hapo ndipo swali lilipokuwa, kwenye lile boma, jengo la kuta zisizo na paa. Kurasa nyingine zote zilikuwa njia ya kufikia hapo. Kwa hiyo kabla hujashika kalamu, mtafute mtu asiye wa kijiji chako, umwambie kwa mdomo unachotaka, na aandike yeye. Atakuuliza mambo ambayo ninyi mmeyazoea hadi hamyaoni: boma lipi, lilianza lini, nani alichanga.

Je, ni swali la waziri?

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 63, inalipa Bunge uwezo wa kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Watu husoma hapo "swali lolote" wakafurahi. Mimi huwaonyesha maneno mengine mawili: "mambo ya umma", na "wajibu wake". Barua nyingi hufia kwenye hayo mawili.

La kwanza. Nina mteja, mama wa heshima zake, ambaye kila mwaka huja na mgogoro wa kihamba, shamba la ukoo, na shemeji yake. Mama, namwambia, waziri hawezi kusimama bungeni akamjibu shemeji. Hilo ni la Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kama limeshafika mahakamani ndiyo kabisa, Bunge haliligusi. Lakini jambo la mtu mmoja huweza kuwa la umma likigeuzwa. Mzee mmoja akicheleweshewa mafao yake, hiyo ni barua ya kufuatilia, na mbunge anaweza kuipeleka wizarani mwenyewe bila kusimama kokote. Wastaafu arobaini wakicheleweshewa kwa sababu ileile, hapo lipo swali. Na mtaro ulioziba sokoni usiupandishe basi la Dodoma. Mpe diwani, naye ana baraza lake la kuulizia.

La pili limeniumbua mwenyewe. Nilimchapia mama mmoja swali la barabara inayopanda kwao, nikaandika "Waziri wa Ujenzi", kwa akili ya kawaida tu: barabara si hujengwa? Likarudi kutoka kwa katibu wa mbunge, neno "Ujenzi" limezungushiwa duara la kalamu na pembeni limeandikwa neno moja: TAMISEMI. Nikajifunza siku hiyo. TANROADS, iliyo chini ya Wizara ya Ujenzi, inashika barabara kuu na za mikoa. Zile zetu za wilaya, za kupanda mlimani kwa gia ya kwanza, ziko TARURA tangu 2017, na TARURA ni ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Swali likienda mlango usio wake hurudishwa, na wakati linarudishwa Bunge linaahirishwa.

Mitego ya namna hii iko mingi. Jengo la zahanati ni la TAMISEMI, lakini dawa na sera ya matibabu ni Wizara ya Afya. Walimu wa shule za msingi na sekondari waliopungua, TAMISEMI. Mtaala wanaofundisha, Wizara ya Elimu. Bomba la maji la kijijini liko RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019 chini ya Wizara ya Maji, na kibali cha kuchota mtoni kiko kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi zake ziko hapahapa Moshi, unaweza kwenda kwa miguu kabla hujamsumbua waziri. Skimu ya umwagiliaji ni Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, na hiyo iko Wizara ya Kilimo. Kwa hiyo wazee wa mfongo, mfereji wetu wa asili, hujikuta katikati ya wizara mbili, moja ya maji yanayoingia na nyingine ya mfereji yanamopita. Ukishindwa kujua, usikisie. Muulize mtendaji wa kata au ofisi ya mbunge.

Mchezo wa Naibu Waziri

Sasa kuandika kwenyewe. Kanuni za Kudumu za Bunge hazitaki swali liwe hotuba, wala liwe la kutafuta maoni ya mtu. Tena wabunge ni zaidi ya mia tatu na muda wa maswali ni mfupi, hivyo mbunge hapati nafasi nyingi kwa mkutano mmoja. Anayokupa wewe ni sentensi moja, mbili ukibahatika. Namna niliyoigundua ya kuipima sentensi hiyo ni mchezo. Mwananchi anakuwa mbunge, mimi nakaa upande wa pili wa kaunta nakuwa Naibu Waziri, maana mara nyingi ndiye anayesimama kujibu. Kazi yangu ni kukwepa. Nikiweza kukwepa bila kusema uongo, swali ni bovu.

Babu alianza: "Je, Serikali inajua mateso wanayopata wananchi wetu kwa kukosa zahanati?"

"Mheshimiwa Spika," nikajibu, "Serikali inatambua." Nikakaa.

Babu akacheka mpaka akakohoa. Akajaribu tena: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha huduma za afya katika kata yetu?"

Nikasimama nikamwagia sera nzima. Serikali inaendelea kuboresha huduma za afya nchini, imejenga hiki, imekarabati kile, imenunua magari ya wagonjwa. Dakika mbili, kijiji chake hakikutajwa hata mara moja. Swali la "mpango gani" ndilo kipenzi cha wajibuji, kwa sababu mpango haukosekani.

"Je, ni lini Serikali itakamilisha boma letu?"

Hili ni zuri kidogo, na ukisoma Hansard, kumbukumbu za yanayosemwa bungeni, utaona "ni lini" zimejaa kama mvua ya masika. Lakini na lenyewe lina mlango wa nyuma: "Serikali itakamilisha boma hilo kwa kadri ya upatikanaji wa fedha." Hakuna tarehe hapo. Hakuna hata ahadi, ukitazama vizuri.

Tukakaa kama saa nzima, umeme ukakatika ukarudi, mwisho tukatoka na hili:

"Je, boma la zahanati ya Kijiji cha ____, lililojengwa kwa nguvu za wananchi hadi hatua ya lenta, limo katika orodha ya maboma yatakayokamilishwa mwaka wa fedha 2023/2024, na kama halimo, ni vigezo gani vilivyotumika kuchagua yaliyomo?"

Nikajaribu kukwepa nikashindwa. Limo, au halimo. Kama limo, pesa zipo. Kama halimo, niambie kwa nini la jirani limo. Neno "orodha" ndilo linalofanya kazi, kwa sababu orodha ni karatasi, iko mezani kwa mtu, na inaweza kuonyeshwa. Mtafutie Naibu Waziri kitu chenye karatasi: orodha, bajeti, mkataba, ripoti, kibali. Mateso hayana karatasi.

Babu hakufurahi. "Mbona limekuwa dogo hivi? Na mbuzi je?"

Mbuzi tuliwahamishia kwenye karatasi ya pili.

Karatasi ya pili

Swali linasomwa bungeni, karatasi ya pili inabaki mkononi mwa mbunge. Iwe ukurasa mmoja, si zaidi. Ndani yake: ujenzi ulianza mwaka gani, kaya ngapi zilichanga na zilichanga nini (tofali, mchanga, siku za kazi, pesa taslimu), zahanati iliyo karibu iko umbali gani na mama mjamzito anafikaje mvua ikinyesha, na picha mbili. Picha ya mbuzi wakiwa ndani ya boma ilikuwa bora kuliko kurasa zote nne za kalamu nyekundu, na nilimwambia hivyo.

Weka pia kopi ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye muhuri wa mtendaji. Wengi huona huu ni urasimu. Fikiria jibu hili: "Mheshimiwa Spika, namwelekeza Mkurugenzi wa Halmashauri aliingize boma hilo kwenye mipango yake." Likitamkwa, mmerudishwa mwanzo, na kwa haki, maana halmashauri haiwezi kuomba pesa za kitu ambacho hakikupita kijijini, kikapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kikafika kwake. Kwa hiyo kabla ya swali, muulize diwani: limo kwenye mpango wa halmashauri? Kama halimo, lianzie huko kwanza. Nimewahi kumrudisha mteja nyumbani na pesa yake kwa sababu hiyo. Alininunia mwezi mzima.

Na kama Serikali yenyewe imewahi kuahidi jambo hilo, ahadi hiyo iwe mstari wa juu kabisa. Kwa zahanati, mimi huandika MMAM, ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Mpango umekwisha muda wake, ndiyo, lakini wananchi walioitika wakabeba tofali walibeba kwa neno hilo.

Unampa nani, na lini

Ofisi ya mbunge jimboni ina katibu. Huyo ndiye mlango, msalimie vizuri, mwachie nakala na uandike jina lake na tarehe kwenye nakala yako. WhatsApp nayo inafaa, ila tuma PDF, usitume picha iliyopigwa kwenye giza.

Kama mbunge wako ni waziri au naibu waziri, jua kwamba yeye bungeni hujibu, haulizi. Watu hukasirika, "mbunge wetu kimya!", kumbe kiti chake ndicho kinachomnyamazisha. Hapo nenda kwa mbunge wa viti maalumu wa mkoa. Wale kinamama huuliza sana, na hawana jimbo la kuwafunga, ukimfikia mwenye kujali jambo lako atalibeba.

Kuhusu muda: swali hutangulia kwa maandishi kwenye ofisi ya Katibu wa Bunge, kisha wizara hupewa nafasi ya kuandaa jibu. Ukileta barua wiki ambayo mbunge anafunga begi kwenda Dodoma umechelewa. Bunge la bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Swali la pesa likifika mezani kabla ya Aprili, linaikuta bajeti ingali inapikwa. Likija baada ya hapo, chakula kimeshapakuliwa.

Nyongeza ndiyo swali lenyewe

Hapa ndipo ningetaka usome mara mbili. Jibu la swali la msingi limeandikwa wizarani, limepitiwa, Naibu Waziri analisoma tu. Lakini mbunge aliyeuliza anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, na hayo wizara haikuyaona kabla. Mwananchi anayempa mbunge swali bila nyongeza amempa bunduki bila risasi, na mbunge asiyeandaliwa husimama akauliza: "Je, Naibu Waziri yuko tayari kuambatana nami baada ya Bunge akaone hali halisi?" Naye husema: "Niko tayari." Makofi. Mwisho wa habari. Siku hizi hata nikisikiliza redioni huku natoa kopi, nikisikia "yuko tayari" namwambia kijana wangu, hilo limekwenda.

Kwa hiyo andika nyongeza nne, kila moja kwa jibu unalolitegemea, mbunge achague. Haya ndiyo majibu ninayokutana nayo zaidi:

"Kwa kadri ya upatikanaji wa fedha." Nyongeza: mwaka huu wa fedha wilaya hii imetengewa kiasi gani kwa ajili ya maboma, na hadi leo kimetoka kiasi gani? Kutengwa na kutoka ni vitu viwili, na tofauti yake ndiyo habari.

"Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea." Hili ni la barabara na miradi ya maji. Wazee wa kwetu wamelisikia hata wanaliimba. Nyongeza: mkataba wa usanifu huo ulisainiwa lini na unakwisha tarehe gani? Kazi inayoendelea ina mkataba. Isiyo na mkataba haiendelei.

"Taratibu za manunuzi zinaendelea." Uliza zabuni ilitangazwa lini. Basi.

"Takwimu hizo nitampatia Mheshimiwa Mbunge kwa maandishi." Hili si baya, mara nyingine majibu ya maandishi huwa na namba nyingi kuliko ya mdomo. Ila hufika mkononi mwa mbunge, hayafiki kwako, kwa hiyo wewe ndiye wa kumkumbusha katibu wake, baada ya wiki mbili na tena baada ya mwezi.

Babu alipata la vigezo. Boma halikuwamo. Naibu Waziri akataja hatua ya ujenzi, kwamba yaliyochaguliwa yalikwisha kupauliwa. Mbunge, Mungu ambariki, alikuwa na karatasi yangu, akauliza nyongeza ya kwanza: wananchi wakipaua kwa nguvu zao ndani ya miezi mitatu, litaingia orodha ijayo? Jibu likawa ndiyo. Lilikuwa neno fupi, lakini limetamkwa bungeni, na lina tarehe.

Baada ya jibu

Kila kinachosemwa kinaandikwa kwenye Taarifa Rasmi, Hansard. Jina hilo nalipenda kwa sababu za kikazi: Hansard alikuwa mchapaji wa London, Thomas Curson Hansard, aliyechapa mijadala ya bunge lao miaka ya 1800 na kitu. Mtu wa printa kama mimi, jina lake limebaki hadi Dodoma.

Hansard zetu huwekwa kwenye tovuti ya Bunge kwa PDF, kila moja na Mkutano wake, Kikao chake na tarehe. Faili ni refu, usisome lote. Fungua, bonyeza Control na F, andika jina la kijiji au kata. Jaribu na tahajia mbili, maana majina yetu ya Kichaga huandikwa kila mtu anavyosikia. (Fanya hivi hata kabla ya kuandika swali, uone kama limeshaulizwa. Likiwa limeulizwa, jibu la zamani ndilo swali lako jipya: Serikali ilisema hivi tarehe fulani, imefikia wapi?) Chapa ukurasa wa jalada na ule wenye jibu, viambatanishe. Jalada usilisahau, bila hilo una karatasi isiyo na tarehe.

Babu alitoa kopi sita: kijiji, kata, diwani, mkurugenzi, kanisani, na moja akaomba iwekwe laminesheni. Kopi ya mkurugenzi ilipofikishwa, tuligongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Kijiji kikachanga mabati, mafundi wakapanda juu ya boma mwezi wa saba wakati mvua zimekwisha. Picha ya paa jipya nikaiskani mimi, ikaenda na barua ya mistari mitano inayotaja Mkutano, Kikao na tarehe ya jibu lile.

Fungu liliingia orodha iliyofuata, si lote. Sakafu ipo, madirisha yapo, vyoo bado. Mwezi uliopita Babu amerudi, safari hii kalamu ya bluu, kurasa mbili tu. Nikamwambia amepiga hatua. Akasema vyoo havihitaji historia.

Ukija kwangu njoo asubuhi kabla ya wanafunzi wa chuo, na flashi yako mwenyewe. Hizi za kuazimana zimeniua kompyuta moja.